Mkono Ndani ya Mkoba

Jumatatu hiyo asubuhi ukumbi wa stesheni ya treni ulikuwa umefurika. Masanduku yalikokotwa, viatu viligonga sakafu, kipaza sauti kilitangaza treni ambayo hakuna aliyesikia inakwenda wapi. Katikati ya msukosuko huo gazeti la mji lilikuwa limesimamisha mbao kumi na mbili za picha zake za zamani, nyeusi na nyeupe zote. Wauza maziwa juu ya baiskeli. Wauguzi wanafunzi siku ya kuvishwa kofia. Bondia mwenye pua iliyovunjika, anacheka. Mvua iliyogeuza barabara kuu kuwa mto, na karani mmoja akivuka na viatu vyake kichwani. Kisha wakubwa: majaji, mawaziri, waimbaji, wachezaji. Juu ya mbao hizo yaliandikwa maneno mawili, UNAMFAHAMU NANI, na kila ubao ulining'iniziwa penseli kwa uzi ili anayemtambua mtu aandike.

Aliyesimamia mbao hizo alikuwa msichana wa sketi ya kijivu, blauzi ya manjano na glavu nyeupe za pamba. Alikuwa mtunza picha wa gazeti. Wenzake walimwita Bahasha, kwa sababu kitu kikipita mikononi mwake lazima kiingie kwenye bahasha na kuandikwa tarehe.

"Dada, huyu waziri mmemgeuza."

Bahasha aligeuka. Kijana mrefu alikuwa amesimama nyuma yake, suti ya mteja ikining'inia begani ndani ya mfuko wa nailoni, utepe wa kupimia ukiwa shingoni kama nishani.

"Tumemgeuza vipi?"

"Mfuko wa kifuani. Koti la mwanaume mfuko wake uko kushoto kwa mvaaji. Huyu wake uko kulia. Na vifungo viko upande wa kike. Hakuna fundi, hai wala mfu, aliyeshona koti hilo."

"Labda waziri alipenda kuwa tofauti na wenzake."

"Waziri akitaka tofauti hubadili gari, dada. Mfuko hauhamishi."

Waliokuwa karibu wakacheka. Bahasha akatoa lenzi yake ndogo, akainama. Mfuko ulikuwa kulia kweli. Picha ilichapwa mkanda wa filamu ukiwa umelala kifudifudi kwenye mashine, kushoto kukawa kulia. Miaka sita alikuwa akiitunza na hakuwahi kuona. Ilimchoma kama sindano.

"Na wewe ni nani? Mkaguzi wa makoti?"

"Fundi cherehani. Mkaguzi ni wewe mwenye glavu." Alipoona uso wake umebadilika akapunguza sauti. "Usione haya. Angekuwa amevaa fulana ningempita."

"Niandikie namba yako ya simu. Gazeti huwashukuru wanaolisahihisha."

"Atakayepiga ni gazeti au wewe?"

"Gazeti halina kidole," alisema Bahasha, akampa penseli.

Siku ya tatu kidole kilibonyeza.

"Halo. Nazungumza na mkaguzi wa makoti?"

"Inategemea nani anamtafuta."

"Gazeti."

"Kumbe gazeti lina sauti nzuri hivi. Limeshakunywa chai?"

"Limekunywa, ila limekunywa peke yake."

"Basi kesho lisifanye kosa hilo."

Wakanywa chai. Kesho yake wakanywa tena. Wiki ya pili walikuwa wakitembea taratibu kutoka ofisini kwake hadi kituo cha basi, dakika kumi zinazoliwa kwa saa nzima. Fundi alivaa mashati aliyoshona mwenyewe, kola zimesimama wima, mikono imekunjwa mara mbili. Alikuwa na kiburi cha mtu ambaye kila alichonacho amekitengeneza kwa mikono yake, na ulimi wake ulikuwa vivyo hivyo. Mchana mmoja simu ya Bahasha ilitetemeka mezani:

*Mwenye kutunza wenzangu, kwa funguo na kabati,*
*Nitilie moyo wangu, bahashani katikati,*
*Juu yake jina langu, uliandike kwa hati,*
*Ufunguo, roho yangu, nimeshona kwenye shati.*

Bahasha aliusoma mara nne. Kisha akajibu: "Shati lipi? Lile la jana lilikuwa halina kifungo cha pili."

"Kifungo hicho nilikitoa makusudi, mpenzi. Nilitaka nione kama unanitazama."

Ingekuwa hadithi ya asali tupu kama Fundi angekuwa hana maswali. Lakini maswali alikuwa nayo, na yote yalikuwa ya makabati.

"Picha za viwandani mnaziweka wapi?" aliuliza siku moja, macho yake yako kwenye kikombe.

"Za nini?"

"Nguo za kazi. Napenda kuona zilivyoshonwa."

Siku nyingine: "Na waimbaji wa zamani wana kabati lao?" Na nyingine tena, wakivuka barabara, akiwa ameushika mkono wake: "Mtu akitaka kuiona picha ya miaka thelathini na kitu iliyopita, anafuata utaratibu gani?"

Bahasha alimsimulia mama wa mapokezi, ambaye ofisi nzima ilimwita Redio kwa sababu hazimwi. Redio aliweka chini kalamu.

"Mwanangu, mwanaume anayeuliza habari za kabati kuliko za mwenye kabati, mchunguze."

"Ni mdadisi tu, mama."

"Hata panya ni mdadisi."

Neno hilo lilimwingia Bahasha, likakaa. Alikuwa na sababu ya kuogopa. Miezi minne nyuma bahasha moja ya mcheza mpira ilipotea katika maktaba ya picha, na Mhariri akamwambia bila kupandisha sauti: "Ya pili ikipotea, itaondoka na wewe."

Na Fundi naye alikuwa na sababu ya kuuliza. Miaka thelathini na miwili nyuma, mama yake alikuwa msichana wa miaka ishirini katika kiwanda cha nguo. Mwimbaji mkubwa wa enzi hizo, ambaye mji mzima ulimwita Malkia, alikuja kukitembelea. Kesho yake gazeti likatoka na picha ukurasa wa mbele: Malkia anapungia watu, na pembeni yake msichana wa kiwandani mkono umezama ndani ya mkoba wa mgeni. Mama alisema alitumwa pini. Nani amsikilize? Malkia alikuwa ameshapanda ndege. Kabla ya saa sita mchana msichana alikuwa nje ya lango la kiwanda, na kabla ya jioni alikuwa na jina jipya: Mkono Mrefu. Jina hilo lilimfuata sokoni, likamfuata harusini kwake, likamfuata mwanawe shuleni, ambako penseli ikipotea darasani ulisachiwa kwanza mfuko wa mtoto wa Mkono Mrefu. Ndiyo sababu Fundi alijifunza kushona mapema. Alitaka mifuko yake aijue mwenyewe.

Picha yenyewe hakuwahi kuiona. Mama yake alichoma kila nakala aliyoipata. Lakini nakala moja isiyochomeka ilibaki mahali fulani, na Fundi alikuwa ameapa kuimaliza.

Alhamisi, siku tisa kabla ya maonyesho kubadilishiwa picha, Fundi alikuja maktaba mchana na koti alilokuwa akimshonea Bahasha kwa siku ya ufunguzi. Lilikuwa la rangi ya majivu, bitana yake nyekundu. Alimvisha, akazunguka, akambana pini kiunoni.

"Usipumue."

"Nikifa je?"

"Utakufa umependeza."

Bahasha akacheka, akageuka kujitazama kwenye kioo cha kabati. Fundi akainua macho, yakaangukia karatasi iliyokuwa mezani. Ilikuwa orodha ya picha mpya, kwa hati ya Bahasha, safi na ya kulala kidogo. Mstari wa kwanza: *Malkia na kibaka wa kiwandani.*

"Nani kachagua hizi?" aliuliza.

"Mhariri na mimi. Hiyo ya kwanza nimeifukua mwenyewe. Watu watacheka sana, utaona. Msichana kazamisha mkono mkobani mpaka hapa." Akajigusa kiwiko.

"Inachekesha."

"Mbona uso wako hivyo?"

"Pini imenichoma."

Simu ya ndani ililia. Redio alikuwa na mgeni mapokezi asiyetaka kuondoka. Bahasha alivua koti, akatoka, akarudi baada ya dakika nne. Alimkuta Fundi amelikunja koti kwapani.

"Unaenda? Hata chai?"

"Bitana haijakaa sawa. Nitalifumua upya."

Hakumbusu shavuni. Alipita mlangoni haraka kama mtu anayekimbia mvua.

Saa kumi jioni Bahasha alifungua bahasha ya Malkia ili ipelekwe kukuzwa. Ilikuwa tupu. Akaitikisa. Akaipuliza. Akavuta droo nzima, akapekua bahasha zote za herufi ile, huku jasho likilowesha glavu. Kisha akaketi, akapiga simu.

"Halo."

"Uko wapi?"

"Kibandani. Nashona."

"Unashona nini?"

"Nguo. Mbona unauliza kama askari?"

"Ulipokuwa huku mchana, ulifungua bahasha yoyote?"

Kwa mbali cherehani ilisikika ikisimama.

"Bahasha ninayoijua mimi ni moja, na leo imekasirika."

"Nimeuliza swali."

"Na mimi nimejibu."

"Hujajibu. Umetia utamu."

Akakata simu, akachukua mkoba wake.

Kibanda cha Fundi kilikuwa na cherehani mbili, pasi moja, na nguo za watu zimening'inia ukutani zikisubiri miili yao. Koti la majivu lilikuwa kwenye henga mlangoni. Bahasha hakusalimu. Alivua glavu, akaingiza mkono ndani ya koti, akaanza kupapasa bitana kwa ncha za vidole, polepole, macho ameyafumba. Baba yake alikuwa msafisha picha wa gazeti hilohilo miaka thelathini na mmoja, katika chumba cha giza, na ndiye aliyemfundisha kwamba kidole kilichofunzwa kinaona kuliko jicho. Chini ya kwapa la kushoto kitu kilikwaruza.

"Fumua."

"Ni bitana tu."

"Fumua, au nitafumua kwa meno."

Fundi alichukua mkasi mdogo. Mishono ikakatika mmoja mmoja. Picha ikateleza, ikaangukia mezani, uso juu: Malkia na tabasamu lake, msichana na mkono wake.

"Ungenifukuzisha kazi," alisema Bahasha. "Ulijua onyo la Mhariri, nilikwambia, na bado."

"Huyo msichana ni mama yangu."

Bahasha aliitazama picha, akamtazama Fundi. Pua ile ile.

"Ungeniambia."

"Nikuambie wewe? Wewe uliyesema watu watacheka?"

"Sikujua."

"Hati ni yako. Kibaka. Umeandika kwa raha, hata nukta haikutetemeka."

"Nimenakili kilichoandikwa nyuma ya picha."

"Ndiyo kazi yenu. Mmoja anaandika uongo siku moja, wengine mnanakili miaka thelathini. Nani aniambie hukujua? Wewe unayejua tarehe ya kila kiatu kwenye yale makabati, mama yangu ndiye usimjue?"

"Mimi ndiye wa kushukiwa sasa? Aliyeiba nani?"

"Nimechukua cha kwetu."

"Basi nijibu moja," alisema Bahasha, na sauti yake ilikuwa tulivu kupita kiasi. "Siku ile stesheni, ulinifuata mimi au makabati?"

"Stesheni nilipeleka suti ya mteja."

"Na siku ya pili?"

"Siku ya pili nilifuata makabati. Sitakudanganya."

"Na ya tatu?"

Fundi alitaka kusema jambo zuri, na katika kulitafuta lililo zuri kabisa akachelewa. Zilikuwa pumzi mbili tu. Lakini kwa mwenye shaka pumzi mbili ni mwaka mzima. Bahasha aliitia picha kwenye mkoba, akatoka. Koti aliliacha likiwa limepasuliwa ubavu.

Usiku ule hakuna aliyempigia mwenzake. Ijumaa pia. Kila mmoja aliishika simu, akaiweka, akajiambia ngoja yeye aanze.

Jumamosi asubuhi Bahasha alikuwa peke yake maktaba. Aliitoa picha ili airudishe mahali pake, na kabla ya kuifunika akaitazama kwa chuki, kama mtu anavyomtazama mwanamke aliyemnyang'anya mume. Alianzia mkononi, akapanda begani, akafika kwenye vifungo. Hapo akasimama.

Gauni la Malkia lilifungwa mbele. *Vya kike kushoto kwa mvaaji, vya kiume kulia,* Fundi alimwambia mara mia, hata kwenye basi humwonyesha watu. Vifungo vya Malkia vilikuwa kulia. Akatazama vazi la kazi la msichana. Mfuko wa kifuani, kulia. Watu wawili hawawezi kuvaa nguo mbovu siku moja. Picha ilikuwa imegeuzwa, kama ya waziri.

Alitoa mkanda wa filamu kwenye bahasha ya nyuma, akauinua dirishani. Picha sita ndogo kwa mstari. Mpiga picha akishachagua anayoitaka, alikata pengo dogo ukingoni mwa mkanda, si kwenye picha yenyewe isije ikaharibika, bali katika nafasi iliyo kati ya picha mbili. Desturi ya gazeti lao ilikuwa moja: picha iliyo kulia kwa pengo ndiyo ya kuchapwa. Msafisha picha hakuhitaji taa. Alipapasa pengo, akaenda kulia. Lakini mkanda ukilala kifudifudi, kulia kunakuwa kushoto. Picha inatoka imegeuka, na tena inatoka isiyo yenyewe.

Bahasha aliuweka mkanda sawa, akapapasa pengo, akaenda kulia. Picha iliyochaguliwa na ambayo haikuwahi kuchapwa ilikuwa hii: Malkia ameinamisha bega, anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana, na msichana wa kiwandani, ulimi nje kwa umakini, anambana kwa pini gauni lililofumuka begani.

Alikuwa ametumwa pini. Basi.

Furaha ya Bahasha haikumaliza dakika, kwa sababu gazeti lilikuwa na msafisha picha mmoja tu miaka hiyo.

Baba yake alikuwa nyumbani, ameketi sebuleni karibu na redio, miwani paji la uso. Mkononi alivaa saa ya chuma aliyopewa na gazeti zamani, ambayo hakuivua hata akioga.

"Baba, uliwahi kuchapa picha isiyo yenyewe?"

"Mimi? Miaka thelathini na mmoja, hata moja."

Bahasha hakubishana. Akamwekea mkanda kwenye vidole. Mzee alipapasa pengo, akaugeuza mkanda, akaupapasa tena. Vidole vikasimama.

"Umeutoa wapi huu?"

"Kwenye bahasha yake. Ulijua?"

Redio ilisoma habari za hali ya hewa mpaka mwisho. Mzee akaizima.

"Nilijua kesho yake asubuhi, mama. Mpiga picha alikuja ananitetemekea, 'umechapa siyo.' Tukaenda kwa mhariri wa wakati ule. Akacheka. Gazeti lilikuwa limekwisha mitaani saa tatu asubuhi. Akasema msomaji ameshachagua, ninyi ni nani mbishane naye. Jioni akaniita, akanivisha saa hii. Nikanyamaza."

"Na yule msichana?"

"Nilisikia amefukuzwa."

"Ukafanya nini?"

"Nilitazama saa."

Bahasha alikaa chini. "Ana mtoto wa kiume, baba. Nampenda. Na nikimwambia haya ataamini nilijua tangu siku ya kwanza."

Mzee akavuta miwani ikashuka puani.

"Basi usimwambie wewe. Niletee viatu."

Chumba cha giza kilikuwa kimegeuzwa stoo ya mifagio, lakini mashine ilikuwepo bado, chini ya turubai. Jumatatu mchana baba na binti walitoa mifagio, wakaziba mwanga mlangoni kwa mablanketi. Mzee aliuweka mkanda, akaupapasa, akaupapasa tena, mara ya tatu akamwambia binti yake naye apapase. Katika sinia la dawa uso wa Malkia ulianza kujitokeza, na pembeni yake, polepole, ulimi wa msichana.

Mhariri aliishika picha ikiwa bado mbichi. "Hii haina mkono mkobani. Watu watatazama nini?"

"Gazeti likikiri kosa lake," alisema Bahasha. "Hilo hawajawahi kuliona."

Mhariri alikuna kidevu, akamtazama mzee aliyesimama mlangoni kama mshtakiwa, akatia saini.

Ijumaa jioni simu ya Fundi iliita.

"Kesho saa nne. Stesheni. Uje na mama."

"Aje achekwe mbele ya mji mzima?"

"Uje na mama."

"Unatega nini, Bahasha?"

"Nimetega imani. Mwamini mtu mwenye glavu mara moja tu. Ukijuta, nifumue."

Fundi hakulala vizuri. Asubuhi alimsimulia mama yake kila kitu, akitegemea atakataa. Mama yake alikuwa ameshajifunga kilemba cha buluu.

"Nimejificha miaka thelathini na miwili," alisema. "Miguu imechoka kabla ya moyo. Twende nikaone wanachonionyesha."

Fundi alitangulia akiupasua umati kwa mabega, ngumi amezikunja, amejiandaa kuichana picha mbele ya polisi wa stesheni ikibidi. Alifika kwenye ubao wa kwanza, akasimama ghafla hata mama yake akamgonga mgongoni.

Picha ilikuwa na urefu wa mtu mzima. Chini yake, kwa hati safi ya kulala kidogo: *Gazeti hili lilichapa picha isiyo yenyewe. Msichana huyu alitumwa pini mkobani ili ambane Malkia gauni. Kwake tunaomba radhi.*

Mama alijisogeza mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, akautazama ulimi wake mwenyewe wa miaka ishirini.

Mzee mmoja alitoka pembeni, kofia mkononi. "Mama, aliyechapa ile ya kwanza ni mimi. Nilikosea gizani. Lakini kunyamaza nilinyamaza kwenye mwanga." Akafungua saa, akaikabidhi kwa mikono miwili. "Hii nilipewa kwa ajili yako. Si yangu."

Fundi alimtazama mzee, akamtazama Bahasha, na shaka ya zamani ikainua kichwa. "Baba yako?"

"Baba yangu. Nimejua Jumamosi."

"Kweli?"

"Anasema kweli," alisema mzee. "Mwongo wa nyumba yetu ni mmoja tu, na umeshamsikia."

Mama aliipokea saa, akaiweka sikioni. "Inakwenda sawa?"

"Inachelewa dakika tano."

"Miaka thelathini na miwili, na wewe unaniambia dakika tano." Akamrudishia. "Vaa. Kila ukiitazama nikumbuke mimi. Nikiichukua utanisahau."

Kisha akaivuta penseli iliyoning'inia kwenye uzi. UNAMFAHAMU NANI, ubao uliuliza. Mama aliandika chini ya msichana, kwa herufi kubwa, akikaza mpaka ncha ikavunjika: NI MIMI.

Watu walianza kusogea, wakimtazama yeye na picha, yeye na picha. Mama mmoja mwenye kikapu akampa mkono. Fundi aligeuka ili asionekane macho yake, akamkuta Bahasha nyuma yake na glavu zake.

"Ulijuaje?" aliuliza.

"Vifungo. Nilikuwa na mwalimu mkorofi."

"Ya tatu," alisema Fundi.

"Nini?"

"Uliniuliza, siku ya tatu nilifuata nini. Siku ya tatu nilisahau kuuliza habari za makabati. Nilikumbuka nimeshafika nyumbani. Nikajitukana mpaka usingizi ukanichukua."

"Jibu hilo lingekuja Alhamisi ile lingetuokoa wiki nzima."

"Mimi ni fundi. Kazi nzuri huchelewa."

Alikuwa na koti la majivu kwapani, ubavu umeshonwa upya. Akamvisha. Lilikaa kama lililozaliwa naye. Bahasha alijigeuza kushoto, akajigeuza kulia, kisha mazoea yakamshinda, akaingiza mkono ndani na kupapasa bitana. Chini ya kwapa la kushoto kitu kilikwaruza.

"Na safari hii umeiba nini?"

"Bado sijaiba. Hiyo ni barua kwa baba yako. Ya kukuomba wewe."

Bahasha alimtazama kwa jicho la pembeni. Akanyoosha mkono, akachomoa mkasi mdogo kwenye mfuko wa shati la Fundi, mfuko wa kushoto, akaanza kufumua.

"Nimesema ni ya baba yako."

"Nimesikia," alisema Bahasha, mshono wa kwanza ukikatika. "Nahakikisha tu umeweka tarehe."